Mchambuzi wa Kochi la Ukutani

Mjomba wangu hunyamaza akiwa na misumari mdomoni, basi. Ni fundi makochi, na wenye kazi hiyo huweka ile misumari midogo mdomoni ili mkono mmoja uvute kitambaa na mwingine ushike nyundo. Ulimi unasukuma msumari mmoja mbele, vidole vinauchukua, nyundo inaushindilia, ulimi unaleta mwingine. Ukimkuta katika hali hiyo utasema huyu ni mtu mpole, mwenye haya zake. Ngoja misumari iishe.

Bibi, yaani mama yake mzazi, husema watoto wake wengine walizaliwa wakilia, lakini huyu alizaliwa akilalamika. Mjomba akikutana na mtu njiani humsalimu, humuuliza habari za nyumbani, kisha anamjibia. Akienda msibani huwa wa kwanza kueleza marehemu angependa nini. Na likija suala la siasa, hapo ndipo nyundo inawekwa chini kabisa na kochi la mteja linabaki na mkono mmoja umevaa na mwingine uko uchi.

Mimi nimekaa naye tangu nilipoacha shule, na niliacha mapema. Kazi yangu ni kujaza sponji kwenye mito na kuishona kwa mkono. Ni kazi isiyohitaji maneno, na kwa Mjomba maneno yangu yasingepata pa kupita.

Karakana yetu ni chumba kirefu. Ukuta mmoja ni wa matofali mpaka kiunoni, kuanzia hapo kwenda juu ni mbao nyembamba tu. Upande wa pili wa mbao hizo anafanya kazi fundi cherehani, mama mmoja mjane ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pindo, kwa sababu ukimpelekea nguo yoyote, hata kama kilichoharibika ni zipu, ataanza kwa kukagua pindo. Mama Pindo haongei. Anayeongea ni redio yake ya betri, ameishonea koti la kitambaa cha maua na kuitundika kwenye msumari, kwenye ukuta huo huo wa mbao.

Watu huja kwetu kuangalia televisheni. Si kwamba ni nzuri. Ni ndogo, na rangi ya kijani imeizidi mpaka kila mgombea anaonekana kama ana homa ya tumbo. Wanakuja kwa sababu sisi ndio wenye makochi. Yaliyokwisha yamefungwa nailoni, hayo hayaguswi. Lakini yaliyo kwenye matengenezo ni ruhusa. Wafuasi wa chama cha Ngazi huchukua lile la watu watatu ambalo springi zake ziko nje, wakipiga makofi wote wanaruka kidogo. Wafuasi wa chama cha Kengele wanapenda yale ya mtu mmoja mmoja, maana kila mmoja wao anajiona mwenyekiti. Wale ambao hawajaamua hukaa juu ya robota la sponji. Wakiinuka, sponji inarudi juu kama hakuna aliyewahi kukaa.

Mjomba mwenyewe ana kochi lake kuukuu, liliachwa na mteja ambaye hakurudi tena. Limeegemezwa kwenye ukuta wa mbao. Sikio lake la kushoto limepigiwa nyundo miaka mingi mpaka limechoka kusikia, kwa hiyo hulaza kichwa upande wa kulia, sikio zima likiwa limegusa ubao, na kuangalia televisheni kiupandeupande kama kuku anayetazama mwewe.

Zamani mchambuzi hakuwa yeye. Mchambuzi alikuwa Mwalimu, mzee mstaafu anayekaa nyuma ya karakana, asiyekosa kalamu mfukoni. Kila hotuba ikiisha watu walimgeukia, naye alikohoa kwanza, kisha akagawa alama. "Maudhui sita. Sauti nane. Nidhamu ya jukwaani nne, amekuna sikio mara kwa mara." Mjomba alikuwa anamkatiza, lakini alama ni alama. Mtu akishasema sita, huwezi kumshinda kwa kupiga domo tu.

Mambo yalibadilika lilipokuja dishi. Mteja mmoja aliyekuwa anahama alimwachia Mjomba dishi lake, na fundi dishi akapanda darini kulifunga kwenye paa, wiki ile ile ambayo chama cha Ngazi kilikuwa na mkutano wake mkuu. Picha ikatakata. Kijani ikapungua. Jumamosi mchana karakana ikajaa.

Mgombea wa Ngazi alipanda jukwaani kwa shangwe. Mjomba alikuwa kwenye kochi lake la ukutani, anapigilia kitambaa kwenye mto wa mkono. Mara akatema misumari kwenye kiganja.

"Sasa huyu atasema amekulia kwenye nyumba ya chumba kimoja."

Kwenye televisheni mgombea akashika kipaza sauti. "Ndugu wajumbe, mimi nimekulia kwenye nyumba ya chumba kimoja."

Watu wakacheka. "Fundi, hao wote wamekulia humo," akasema Kinyozi, ambaye duka lake liko mkabala na sisi na ambaye akija kwetu huja na kitana bado kimechomekwa nyweleni. "Sijui hicho chumba kina ukubwa gani."

"Atasema mama yake aliuza mkaa," akasema Mjomba.

"Mama yangu," akasema mgombea, sauti ikitetemeka, "aliuza mkaa."

Hapo watu walicheka kidogo tu. Mjomba akafumba macho, kichwa kimelala kwenye ubao.

"Atasema: ngazi isiyokufikia si ngazi, ni kuni."

Mgombea akanywa maji, akafuta mdomo, akanyoosha kidole. "Na mimi nawaambieni! Ngazi isiyokufikia si ngazi! Ni kuni!"

Ukumbi wa kwenye televisheni ulilipuka kwa makofi, lakini karakana yetu haikuangalia televisheni. Ilikuwa imemgeukia Mjomba. Kinyozi alikuwa amekishika kitana chake kifuani kama kofia ya msibani. Mwanamke mmoja kwenye robota la sponji akasema polepole, "Huyu mtu ni wa kawaida kweli?"

Hotuba ilipoisha, kwenye televisheni walitokea wachambuzi wenye suti. Mmoja alisema hotuba ni ya kihistoria. Wa pili alisema ni nzuri ila haina hesabu. Wa tatu alisema tusubiri tuone. Kinyozi akanyanyuka akapunguza sauti. "Hao wanachambua yaliyokwisha kusemwa. Sisi tuna wetu anayechambua yasiyosemwa."

Mwalimu alikuwa ameshakohoa tayari kugawa alama. Hakuna aliyemgeukia. Akairudisha kalamu mfukoni, akaichomoa tena akaiangalia kama ndiyo yenye makosa.

Basi kichwa cha Mjomba kikavimba. Siku iliyofuata alikuja kazini na koti. Joto lilikuwa kali, sponji imemganda mikononi, lakini koti halivuliwi. Alianza kusema "kwa mtazamo wangu" na "tuangalie pande zote mbili". Asubuhi moja alionja chai akasema, "Chai hii, ukiitazama kwa upana wake, ina upungufu wa sukari."

"Sukari iko kwenye mkebe," Bibi akamjibu, "kwa upana na kwa urefu."

Watu wakaanza kuja bila kochi la kutengeneza. Mmoja aliuliza kama mkwewe atakubali kurudi. Mwingine alitaka kujua kama mvua itanyesha siku ya harusi. Mjomba alikuwa anafumba macho, anaegemea ubao, anasubiri. Saa nyingine hakikuja kitu, naye alisema swali halijaiva. Kinyozi alimuuliza habari za mechi ya mpira, Mjomba akabahatisha matokeo, akakosea vibaya. "Mpira hauna sera," akasema, na watu wakatikisa vichwa kwamba kweli, mpira hauna sera.

Kiongozi wa Ngazi wa mtaa alikuja kumuuliza kama yuko upande wao. Wa Kengele alikuja jioni yake kuuliza hivyo hivyo. Wote wawili Mjomba aliwaambia mchambuzi hana upande, na wote wawili waliondoka wakitabasamu, kila mmoja akiamini amekonyezwa.

Aliyekuwa haonji raha hiyo ni Mwalimu. Siku mbili hakuja. Ya tatu alikuja, akasimama katikati ya karakana, koti lake la ualimu limefungwa vifungo vyote.

"Fundi, nasikia umekuwa mtabiri."

"Mchambuzi, Mwalimu wangu. Mtabiri ni mganga."

"Jumamosi hii Kengele wana mkutano wao mkuu. Utakaa hapa katikati, kwenye kochi la watu watatu, tukuone wote. Siyo huko pembeni unalala ukutani kama mgonjwa. Ukipatia maneno ya mgombea kabla hajayasema, mimi nafunga mdomo humu karakanani mpaka siku ya kura. Ukikosea, unafunga wewe."

Kila mtu alijua adhabu hiyo ina uzito gani. Kumwambia Mjomba asiongee siasa miezi yote hiyo, ndani ya karakana yake mwenyewe, televisheni ikiwa imewashwa, ni sawa na kumwambia samaki ashinde juu ya meza.

"Mpaka siku ya kura?" Mjomba akauliza.

"Mpaka wahesabu."

"Nimekubali," akasema Mjomba, na wakashikana mikono mbele ya watu.

Sasa mimi, katikati ya wiki hiyo, nilikuwa na mto wa rangi nyeusi wa kushona, na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi unataka mwanga. Mwanga mzuri uko kwenye kochi la Mjomba. Alikuwa ametoka kwenda kutafuta mbao, nikakaa hapo. Televisheni ilikuwa inasoma habari. Nikasikia mtangazaji anasema daraja la mtoni limefungwa kwa matengenezo. Nikaendelea kushona. Kisha nikasikia mtangazaji yule yule anasema daraja la mtoni limefungwa kwa matengenezo.

Nikainua kichwa. Nikakilaza tena kwenye ubao. Sauti ya kwanza ilikuwa nyembamba, inatoka ndani ya mbao kama mtu anayenong'ona ndotoni. Ilikuwa redio ya Mama Pindo, inapokea matangazo yale yale ya televisheni, msumari wake uko pale pale nyuma ya sikio langu. Kila habari iliwahi kupita hapo, na baada ya pumzi tatu nne ndipo ikaja kwenye televisheni. Niliinuka nikasimama katikati ya karakana. Hapo redio haisikiki kabisa, feni na nyundo za majirani zinaimeza.

Nikakumbuka fundi dishi alivyonieleza nilipokuwa nimemshikia ngazi. Alisema picha inarushwa juu angani, huko inapumzika kidogo, ndipo inashuka kwenye dishi letu. Redio ya Mama Pindo haipandi popote. Inatoka kwenye mnara wa pale kilimani na kuja moja kwa moja, kama mtu anayejua njia.

Nilimwambia Bibi kwanza. Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. "Kwa hiyo mwanangu siku zote hizi anaropoka maneno ya ubao!" Alicheka tena, akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu kicheko kikamwishia ghafla. "Na ile ahadi ya Jumamosi?"

"Atakaa katikati, Bibi. Hatasikia kitu."

"Atanyamazishwa." Bibi akakaa chini. "Wewe humjui yule mtoto. Baba yake alipomkataza kuongea mezani alipandwa na homa. Mwambie leo leo."

Nilimwambia jioni, wakati wa habari, karakana ikiwa tupu. Sikumweleza sana, maana kueleza siwezi. Nilimwomba tu akae kwenye kochi lake na aseme kila kinachomjia. Akatema misumari kwenye kiganja, akafumba macho, akasema, "Waziri atafungua kisima." Waziri akafungua kisima. Akafumbua jicho moja, ameridhika. Nikamwomba ahamie kwenye kochi la watu watatu. Akafumba macho. Akasubiri. Habari zikapita moja baada ya nyingine. Hakikuja kitu.

Nikamrudisha kwenye kochi lake, nikamchukua mkono nikaupeleka kwenye ubao, pale ambapo mbao zinatetemeka kidogo mtangazaji akiongea.

Akaitoa misumari kiganjani mmoja mmoja, akaipanga kwenye mkono wa kochi.

"Lakini yalinijia, mpwa wangu," akasema. "Sikuyasikia. Yalinijia yenyewe."

"Yalikuja yenyewe, Mjomba. Ila yalipitia kwa Mama Pindo."

"Na mama yake muuza mkaa? Nilimwona kabisa, na gunia lake."

Nikaokota nyuzi.

Bibi alimshauri alale, asingizie tumbo. Mimi nilifikiri atatafuta redio ndogo ya kuficha mfukoni, tena koti analo. Mjomba akavua koti. Akalitundika. "Nimewapa watu mkono," akasema. "Nitawaambia ukweli mbele yao, kabla hotuba haijaanza. Halafu nitanyamaza. Nitakuwa kama marehemu, lakini ukweli nitausema."

Jumamosi watu walijaa mpaka mlangoni. Hata Mama Pindo alikuja. Haijawahi kutokea. Alisimama kwenye kizingiti na pini za kushonea mdomoni, maana na yeye ana mtindo huo huo wa kuweka vitu vyenye ncha mahali pa maneno. Mwalimu alikaa mbele na kalamu yake.

Mjomba akasimama. Hakuwa na koti. Akasema kwamba yeye hana kipaji chochote. Akasema jirani ana redio nyuma ya ubao huu, na redio inawahi kuliko dishi, na sikio lake hukaa hapo, akanyoosha kidole. Akasema aliyoyasema yote yalikuwa ya redio, hakujua, na anaomba radhi.

Kisha Kinyozi akaanza kupiga makofi.

"Mmemsikia?" akasema, macho yamemlowa. "Huo ndio unyenyekevu! Wale wa suti mmewahi kuwasikia wakijishusha hivyo?"

"Kinyozi, nasema kweli, ni redio," akasema Mjomba.

"Tumeelewa, Fundi. Redio ni mfano." Huyo alikuwa yule mama wa kwenye robota la sponji. "Anatuambia tusikilize majirani zetu kabla ya kusikiliza walio mbali."

"Mfano upi huo?" akadakia mfuasi mmoja wa Ngazi, springi zikilia. "Ubao ndio maana yenyewe. Ubao ni Kengele. Unazuia sauti ya wananchi."

"Ubao kuwa Kengele? Ubao unafanana na ngazi!" akajibu mmoja wa Kengele.

"Jamani," akasema Mjomba, "ubao ni ubao!"

"Hapo sasa ndipo penye uzito," akasema Kinyozi, na wengi wakaguna kukubali.

Mtu mmoja tu alimwamini, naye ni Mwalimu. Alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye kochi la ukutani, akabandika sikio lake kwenye ubao mbele ya watu wote. Akasikiliza. Akabadilisha sikio. Sisi tukamtazama. Redio ya Mama Pindo ilikuwa imezimwa, maana mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni kwetu, na Mama Pindo hapotezi betri kuongelesha chumba kitupu.

"Sisikii kitu," akasema Mwalimu.

"Si ndiyo maana yeye ni mchambuzi na wewe ni Mwalimu," akasema Kinyozi. Mama Pindo alifungua mdomo kidogo, akakumbuka pini, akaufunga.

Mgombea wa Kengele akapanda jukwaani. Mjomba aliketishwa katikati ya kochi la watu watatu, jasho linamtoka. Hotuba ikaanza. Mgombea naye alikulia kwenye nyumba ya chumba kimoja. Mama yake aliuza maandazi. Watu hawakuwa na habari naye, walikuwa wanamtazama Mjomba.

"Haya, Fundi," akasema Mwalimu. "Sasa hivi atasema nini?"

Mjomba aliangalia mikono yake. Akaangalia ule ubao wake kwa mbali, kama mtu anayeangalia nyumba aliyokwisha hama.

"Sijui," akasema.

"Sema vizuri, wasikie."

"Sijui!"

Kwenye televisheni mgombea akageuza karatasi. Akageuza nyingine. Akavua miwani. Nadhani alikuwa amepoteza ukurasa, lakini mimi si mchambuzi. Akasema, "Wananiuliza bei zitashuka mwezi gani. Ndugu zangu, nikiwadanganya haitasaidia. Sijui."

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Kochi la watu watatu lilivunjika mguu. Watu wa Kengele walikuwa wanakumbatiana na watu wa Ngazi, kwa sababu hapo hayakuwa tena mambo ya vyama. Bibi alikuwa amekaa kwenye sponji anacheka bila sauti. Kwenye televisheni wale wa suti walirudi. Mmoja alisema neno lile limemmaliza mgombea. Mwingine alisema limemuokoa, ni mara ya kwanza mgombea kusema kweli jukwaani. Wa tatu akasema tusubiri tuone. Na kwetu nako ikawa vivyo hivyo. Wa Ngazi wakasema mnaona, mtu wenu hajui. Wa Kengele wakasema mnaona, mtu wetu hadanganyi. Niliwatazama mmoja mmoja usoni. Hakuna aliyehama kochi.

Mwalimu alisimama. Aliifunga kalamu, akaiweka mfukoni, akanyoosha mkono. "Nimeshindwa. Nafunga mdomo."

"Hapana, Mwalimu," akasema Mjomba. "Mimi ndiye niliyeshindwa. Nilisema sijui kwa sababu sikujua."

"Naye hakujua. Umepatia."

"Nimekosea!"

"Fundi, usinichezee. Mimi nimesahihisha karatasi maisha yangu yote. Najua jibu sahihi nikiliona."

Walivutana hivyo hivyo, kila mmoja anang'ang'ania kushindwa, na nikawaza kwamba laiti vyama vingekuwa na ugomvi wa aina hii tungelala mapema. Mwisho Mjomba alichota misumari kwenye kopo, akaijaza mdomoni, akakunja mikono. Mwalimu akamtazama, akabana midomo yake, akakunja ya kwake.

Na wote wawili ni watu wa neno lao. Tangu siku hiyo hadi kampeni zilipopamba moto, karakana ikawa na wachambuzi wawili wasiosema. Hotuba ikiisha, Mwalimu alionyesha alama kwa vidole. Mjomba hakuonyesha chochote, lakini watu walisoma uso wake. Akikuna shingo, Kinyozi alisema Ngazi wamekwisha. Akipiga chafya, mama wa sponji alisema Kengele wajiangalie. Siku moja alimeza mate vibaya akakohoa, na nusu ya karakana ikabadilisha mawazo mpaka jioni. Makochi nayo yalianza kwisha kwa wakati. Wateja walishangaa.

Mimi nilikuwa na wasiwasi naye. Alikonda. Bibi alimsikia akisema usingizini "kwa mtazamo wangu" na kugeuka upande wa pili.

Halafu ikaja siku Ngazi walipoitisha mkutano wao mkubwa wa kufunga kampeni. Watu walishafika, springi zimejaa, televisheni imewashwa, na kochi la ukutani liko tupu. Bibi akanituma nimtafute. Nilianzia chooni, nikapita kwa Kinyozi, ndipo nikasikia nyundo upande wa pili wa ubao.

Alikuwa kwa Mama Pindo. Alikuwa ameipindua stuli moja ya Mama Pindo, anaipigilia kiti kipya cha sponji. Redio ilikuwa kwenye msumari wake na koti lake la maua, inatangaza mkutano. Mama Pindo yuko kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Mjomba, watu wanakungoja."

"Waambie nakuja." Hakuinuka. "Kwani makubaliano yalihusu wapi? Karakanani. Huku si karakanani."

Nikategemea sasa ataachia, miezi yote ile iliyorundikana. Niliona kabisa kifua kinajaa. Redioni mgombea wa Ngazi akapandisha sauti, akasema lile neno lake la ngazi na kuni, na makofi yakamwagika. Mama Pindo akasimamisha cherehani. Akainua kidole kimoja, kama anayesema ngojeni.

Tukangoja.

Kupitia ule ubao, kutoka chumba chetu, kikaja kishindo cha watu wote kwa pamoja, na mlio wa springi, na sauti ya Kinyozi juu ya zote, "Mwacheni! Tazameni kochi lake! Ameondoka makusudi! Ana maana yake!"

Mama Pindo akashusha kidole, akaendelea na pindo lake. Mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Mjomba alimtazama. Akaitazama redio. Kopo la misumari lilikuwa mbali naye, sakafuni, karibu na mguu wangu, na mdomoni hakuwa na kitu chochote. Akavuta ile stuli karibu na ubao, akaijaribu kwa kiganja kama inabonyea sawa, akakaa.

"Ongeza sauti kidogo, Jirani," akasema, na baada ya hapo hakusema neno.